Malcolm Marshall: Mkono mmoja kwenye plasta, mwingine ukirusha moto

Najua kriketi si mchezo wako. Ukiwa na rimoti na mechi ya kriketi itokee, unaipita mbio kama mtu aliyemwona anayemdai akishuka matatu. Ni sawa tu. Lakini leo nipe dakika chache, kwa sababu kuna msee nataka mjuane. Alifariki mwaka wa 1999, pengine kabla hujazaliwa. Bado wanaojua mchezo huu wakianza kubishana ni nani mrushaji mpira wa kasi bora kuwahi kutokea, jina lake halikosi.

Hebu mwone kwanza. Ni Julai 1984, uwanja wa Headingley, mjini Leeds, Uingereza. West Indies wanacheza na Uingereza. Asubuhi ya siku ya kwanza, Malcolm Marshall anajaribu kuzuia mpira na kidole gumba cha mkono wa kushoto kinavunjika, mahali pawili. Daktari anamwambia apumzike siku kumi au zaidi. Wewe na mimi tungeenda nyumbani na barua ya daktari mfukoni.

Yeye hakuenda. Wenzake tisa walipokuwa wameshatolewa, Larry Gomes alikuwa amebakisha mikimbio michache tu afikishe 100. Kriketi haichezwi na mpigaji mmoja, lazima wawe wawili uwanjani. Marshall akaingia na bati mkono mmoja, plasta kwenye mwingine, akacheka na watu, hata akapiga mpira mmoja ukafika mpakani. Gomes akapata 100 zake. Kisha Uingereza walipoingia kupiga, Marshall akachukua mpira kwa mkono wa kulia, akawatoa wapigaji saba kwa mikimbio 53 pekee. West Indies wakashinda mechi, na mwishowe wakashinda mechi zote tano za msururu ule.

Watu hukumbuka plasta. Mimi nataka uangalie kitu kingine: Huyu jamaa alijifunza wapi kazi hii? Maana hakuzaliwa akiijua, na kundi alilokuwa ndani yake halikushuka kutoka mbinguni.

Mtoto asiyemjua babake

Marshall alizaliwa Bridgetown, Barbados, tarehe 18 Aprili 1958. Barbados ni kisiwa kidogo bana, watu hawafiki 300,000. Embakasi peke yake inakimeza. Babake alikuwa polisi na mchezaji wa kriketi wa klabu, lakini alikufa katika ajali ya barabarani Malcolm akiwa mtoto mchanga. Babu yake ndiye aliyemshika mkono na kumfundisha mchezo.

Alipomaliza shule alipata kazi kwenye kiwanda cha bia cha Banks, ambacho kilikuwa na timu yake ya kriketi. Kwa hiyo mchana kazi, jioni mazoezi. Februari 1978 akaitwa kuchezea Barbados dhidi ya Jamaica, akatoa wapigaji sita kwa zamu moja. Mechi moja tu ya daraja la juu! Kabla mwaka haujaisha alikuwa kwenye ndege kuelekea India na timu ya West Indies. Inasemekana habari za kuteuliwa alizisikia kwenye redio akiwa kazini.

Unafikiri alikuwa tayari? Ngoja.

Kundi lilivyojengwa

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu bila kuelewa kundi hutamwelewa Marshall.

Mrushaji wa kasi anakimbia, anarusha mpira mgumu wa ngozi wenye uzani wa gramu 160 hivi, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Mpigaji yuko umbali wa mita 20. Hesabu mwenyewe: ana nusu sekunde ya kuamua. Akikosea, mpira unaangusha vijiti nyuma yake, au unamgonga mbavu. Kuna na ule unaodunda chini kisha kupanda hadi usawa wa kichwa. Huo unaitwa baunsa, na kama yule wa klabu, ukimkaribia vibaya utatoka nje.

Zamani, timu nyingi zilikuwa na warushaji wa kasi wawili. Wawili wakichoka, wapigaji wanapumua. Msimu wa 1975-76, West Indies walienda Australia wakachapwa mechi tano kati ya sita. Dennis Lillee na Jeff Thomson waliwatesa kwa kasi. Miezi michache baadaye, mwaka wa 1976, wakiwa nyumbani Trinidad, West Indies waliwategemea warushaji watatu wa mpira wa polepole unaozunguka. India walihitaji mikimbio zaidi ya 400 kushinda, kitu ambacho karibu hakuna aliyewahi kukifanya, na wakaipata.

Nahodha Clive Lloyd akaona imetosha. Akaamua kutumia kasi, na si ya watu wawili bali wanne. Akawakusanya Andy Roberts wa Antigua, Michael Holding wa Jamaica, Joel Garner wa Barbados na Colin Croft wa Guyana. Hesabu ilikuwa rahisi: wawili wakipumzika, wawili wengine wanaingia, na mpigaji hapati mahali pa kujificha asubuhi hadi jioni.

Lakini kuwa na watu wanne wenye nguvu si kuwa na kikosi. Walipojiunga na mashindano ya tajiri Kerry Packer nchini Australia mwishoni mwa miaka ya sabini, walipata mkufunzi wa viungo, Dennis Waight, mtu wa Australia. Aliwakimbiza, akawanyoosha, akawafanya wawe timu yenye pumzi kuliko zote. Mrushaji wa kasi akichoka, mguu unaanguka vibaya, mgongo unapinda, na mpira unaenda unakotaka wenyewe. Pumzi ndiyo iliyowafanya warushe saa kumi jioni kama walivyorusha saa nne asubuhi.

Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo halionekani kwenye takwimu: walifundishana. Roberts ndiye aliyekuwa mwalimu wa kundi. Alikuwa mtu wa maneno machache, macho mengi. Alikutazama ukipiga, akajua mguu wako unaenda wapi kabla wewe hujajua. Alikuwa na baunsa mbili, moja ya polepole na nyingine ya kasi. Ya kwanza unaipiga vizuri, unajiona bingwa. Ya pili inakuja kwa mkono uleule na mwendo uleule, kumbe iko mbio zaidi. Wengi walitoka uwanjani wakishika taya.

India ilimfungua macho

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alienda India mwaka wa 1978 kwa sababu wakubwa wengi walikuwa kwa Packer na nafasi zilikuwa wazi. Alicheza mechi tatu za Test, zile za siku tano. Akatoa wapigaji watatu tu, na akapigwa mikimbio 265. Yaani kila wiketi ilimgharimu mikimbio 88. Kwa kipimo chochote, hiyo ni aibu.

Alikuwa na kasi tayari. Hakuwa na urefu: alikuwa na futi 5 na inchi 11, huku Garner akiwa na futi 6 na inchi 8. Mpira wa Garner ulishuka kama kutoka ghorofani. Wa Marshall ulitoka chini, unateleza mbio. Kasi bila maarifa, mbele ya wapigaji kama Sunil Gavaskar, ni kuwasaidia tu kupata mikimbio, kwa sababu mpira uliokuja mbio ukiguswa unaondoka mbio.

Wakubwa waliporudi timu ya taifa, yeye akawa wa akiba. Kuna wakati alikaa takriban miaka miwili bila kucheza mechi hata moja ya Test. Hapo ndipo wengi wetu huacha. Unasema hii kitu si yangu, unatafuta wa kulaumu, unaenda zako. Nakuambia hivi nikijua, maana mimi mwenyewe niliacha chuo, na sababu nilizotoa wakati ule zilikuwa nyingi kuliko zilizokuwa kweli.

Marshall alirudi kujifunza.

Darasa la mpira

Mwaka wa 1979 alijiunga na klabu ya kaunti ya Hampshire, Uingereza, kuziba pengo la nani? La Andy Roberts. Kule unacheza karibu kila siku, kwenye baridi, kwenye viwanja vyenye unyevu, na kasi pekee haitoshi. Akajifunza kuupinda mpira hewani.

Siri yenyewe ni hii. Mpira wa kriketi una mshono katikati. Wachezaji wanasugua upande mmoja kwenye suruali hadi ung'ae, upande wa pili wanauacha uchakae. Ukishika mshono wima na kuulenga upande fulani, hewa inapita tofauti kila upande na mpira unapinda ukielekea kwa mpigaji. Kuupinda upande mmoja ni kazi. Marshall alijifunza kuupinda pande zote mbili bila kubadilisha mwendo wa kukimbia wala wa mkono. Mpigaji hakuwa na dalili yoyote ya kusoma.

Kisha kuna mpira uliofundishwa na adui. Dennis Lillee, yuleyule aliyewatesa West Indies mwaka wa 1975, alimfundisha Marshall namna ya kuukata mpira kwa vidole ili ukidunda ubadilishe njia na kumkimbia mpigaji. Fikiria hapo. Lillee alikuwa Muaustralia, na Marshall alikuwa mtu ambaye angeutumia ujuzi huo dhidi ya ndugu zake. Alimpa tu. Shikilia hilo, tutalirudia.

Msimu wa 1982, Hampshire, Marshall alitoa wapigaji 134. Kurudi timu ya taifa hakukuwa swali tena.

Mwisho wa mwaka 1983 akarudi India, mahali palipomuaibisha. West Indies walikuwa wamepoteza fainali ya Kombe la Dunia kwa hao hao India miezi michache kabla. Huko Kanpur, mpira wa Marshall ulimpokonya Gavaskar bati mkononi. Gavaskar, mmoja wa wapigaji bora waliowahi kuishi! Msururu ulipoisha, Marshall alikuwa ametoa wapigaji 33. Kutoka watatu hadi 33, nchi ileile, viwanja vilevile, mkono uleule. Kilichobadilika kilikuwa kichwani.

Pesa alizozikataa

Mwaka wa 1983 pia kulikuwa na jaribu la aina nyingine. Afrika Kusini ilikuwa imetengwa na michezo ya dunia kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Serikali ile na wakuu wa kriketi wake walitaka timu yoyote ije kucheza, hata kwa siri, ili waonekane wa kawaida. Wakawaendea wachezaji wa West Indies na mabunda ya pesa. Colin Croft alienda. Sylvester Clarke, Mbarbados mwenzake Marshall, alienda. Wote waliokwenda walifungiwa maisha, ingawa marufuku hiyo iliondolewa baadaye.

Marshall naye aliahidiwa pesa, na inatajwa ilikuwa dola milioni moja. Alikataa. Usisahau kwamba wachezaji wa kriketi wa wakati ule hawakulipwa kama hawa unaowaona leo kwenye ligi ya India. Ilikuwa pesa ya kubadilisha ukoo mzima.

Alipopunguza mwendo

Wengi hudhani mrushaji wa kasi akizeeka anaisha. Angalia Manchester, 1988. Uwanja wa Old Trafford ulikuwa na unyevu, mpira haukupanda. Marshall, akiwa na miaka 30, akapunguza kasi kwa hiari yake, akauacha mpira upinde. Akatoa wapigaji saba kwa mikimbio 22, zamu bora zaidi maishani mwake. Uingereza nzima ikaishia 93. Kumbuka namba hiyo, 93, tutakutana nayo tena. Katika mechi zote tano za mwaka ule alitoa wapigaji 35.

Pembeni yake sasa walikuwa vijana wapya: Courtney Walsh, Curtly Ambrose, Ian Bishop. Roberts, Holding na Garner walikuwa wamestaafu, lakini kikosi hakikuyumba. Kwa nini? Kwa sababu yule aliyekuwa mwanafunzi wa Roberts sasa ndiye aliyekuwa mzee wa darasa. West Indies hawakupoteza msururu hata mmoja wa Test kuanzia 1980 hadi 1995. Miaka 15. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuibeba timu miaka 15. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Marshall alilijua hilo hata kidole chake kilipovunjika.

Alipocheza Test yake ya mwisho mwaka wa 1991, alikuwa na wiketi 376 katika mechi 81, kwa wastani wa mikimbio 20.94. Kati ya wote waliofikisha wiketi 200 kabla yake, hakuna aliyekuwa na wastani mzuri kuliko huo.

Mwanafunzi aliyempiga mwalimu

Ubaguzi wa rangi ulipoanza kuporomoka na Afrika Kusini kurudishwa kwenye mchezo, Marshall sasa alienda, mlango ukiwa wazi, mbele ya macho ya watu wote. Kuanzia 1992 hadi 1996 alichezea Natal, kule Durban. Hapo alimkuta kijana mwembamba mwenye nywele nyekundu, Shaun Pollock. Akamfundisha alichofundishwa: kusoma mpigaji, kushika mshono, kuwa mvumilivu na kutotumia baunsa ovyo. Pollock amesema mara nyingi kwamba mtu huyo ndiye aliyembadilisha.

Wakati huohuo, kule nyumbani mambo yalikuwa yakiharibika. Na hapa sisi Wakenya tunaingia. Tarehe 29 Februari 1996, Kombe la Dunia, mjini Pune, India. Kenya, wengi wao watu wenye kazi zao za mchana, waliweka mikimbio 166. West Indies ya Brian Lara, Ambrose na Walsh ikaingia kupiga. Rajab Ali akamtoa Lara, Maurice Odumbe akatoa watatu, na West Indies nzima ikaishia ngapi? 93. Ileile namba ya Manchester, safari hii wao ndio waliokuwa wakipigwa.

Mwaka uohuo Marshall akawa kocha wa West Indies. Alikuta Ambrose na Walsh bado hodari, lakini nyuma yao foleni ilikuwa fupi. Msimu wa 1998-99 akaipeleka timu Afrika Kusini. Wakapigwa mechi zote tano. Aliyeongoza kuwatoa wapigaji wake alikuwa nani? Shaun Pollock, wiketi 29.

Fikiria Marshall amekaa kwenye benchi, akiona mkono aliounoa mwenyewe ukiwakata watoto wake. Ungekuwa wewe, ungejuta? Lakini Lillee naye alimpa Marshall silaha akijua itamrudia. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyoishi. Ujuzi wa kurusha kasi hauwezi kufungiwa kabatini, mgongo wa aliye nao utachoka na utaenda naye. Ukimpa mwingine, hata wa upande wa pili, unabaki duniani. Pollock alistaafu na wiketi 421, zaidi ya mwalimu wake.

Foleni yetu iko wapi?

Mwaka wa 1999, Kombe la Dunia likiendelea Uingereza, Marshall aliugua. Ikagunduliwa ni saratani ya utumbo mpana. Aliacha kazi ya ukocha. Mwezi wa Septemba alimuoa Connie, mpenzi wake wa miaka mingi, kisha akarudi Barbados. Tarehe 4 Novemba akafariki, akiwa na miaka 41. Ibada ya mazishi iliongozwa na Mchungaji Wes Hall, mrushaji wa kasi aliyetikisa dunia miaka ya sitini. Manahodha watano wa West Indies walibeba jeneza. Hata siku hiyo foleni ilikuwa kamili: aliyemtangulia akimwombea, aliowapiga vita pamoja wakimbeba.

Sasa niambie, sisi tulifanya nini baada ya Pune? Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka wa 2003. Kufikia 2014 tulikuwa tumepoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja za kimataifa. Kulikuwa na vita vya usimamizi na pesa, sawa. Lakini angalia pia kama wale wa 1996 waliachiwa nafasi ya kuketi na vijana, mpira mkononi, na kuwaonyesha jinsi mshono unavyoshikwa. Kikosi hakifi siku mashujaa wanapostaafu. Kinakufa siku wanapostaafu bila mtu nyuma yao.

Na si kriketi tu. Yule fundi wa simu pale River Road, yule kinyozi wako, yule msichana anayehariri video usiku kwenye bedsita yake, kila mmoja ana kitu mkononi alichokipata kwa kuaibika kwanza. Kama ni wewe, tafuta mtoto mmoja umwonyeshe. Usiogope atakupita. Siku moja utakaa pembeni umtazame akifanya vizuri kuliko wewe, pengine hata akikuchukulia wateja. Itauma kidogo. Marshall naye lazima ilimuuma pale kwenye benchi, lakini mpira aliomfundisha Pollock ulikuwa bado unapinda.